SELI MPYA ZA JUA NA UTANDO WA PLASTIKI

Mhariri wa jarida hili aliponijia mwezi wa pili akiniambia kurasa za mashairi na vitendawili zimejaa, hivyo nilete kitu kingine, nilimwuliza kama somo la sayansi litakubalika. Akacheka. Alisema fizikia haiandikiki kwa Kiswahili. Basi makala haya ni jawabu langu kwake. Pia ni jawabu kwa Mama, ambaye aliniuliza swali nikakaa nalo wiki tatu nzima bila kulijibu.

Mama ana kibanda Kawangware, si mbali na steji ya matatu za nambari 46. Huuza viazi karai, mboga na mayai ya kuchemsha, na biashara hasa huanza saa kumi na mbili jioni watu wanapotoka kazini. Pale taa ndiyo inayouza. Kibanda chenye giza hupitwa tu. Mwaka 2023 alinunua paneli ndogo ya wati 20 kwenye duka moja katikati ya mji, pamoja na betri na balbu mbili. Baada ya miezi kumi na minane taa ikaanza kuzimika saa tatu usiku, halafu saa mbili, halafu ikawa haiwaki kabisa. Mama akairudia koroboi yake ya mafuta ya taa, na viazi vikaanza kunuka moshi.

"Hii kitu uliniambia itakaa miaka ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia ishirini na mitano, maana ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi ya dukani.

"Ishirini na tano ya nani?"

Sikuwa na la kusema. Fundi mmoja wa redio aliiwekea paneli mita yake, akasoma volti 19, akatangaza kwamba paneli ni nzima, ubovu uko kwenye betri. Mama akanunua betri nyingine. Taa haikuwaka. Hapo ndipo nilipoifunga ile paneli kwa gunia na kuibeba hadi shuleni, nikichekwa njia nzima na wenzangu wa Riruta.

Mwalimu wetu wa fizikia hakucheka. Aliiweka juani saa sita mchana akaunganisha amita badala ya mita ya volti. Nyuma ya paneli palikuwa pameandikwa ampia 1.1. Tulipata 0.2. Ndugu msomaji, hapa ndipo wengi huibiwa, kwa hiyo tafadhali shika jambo hili hata kama utayaruka mengine yote. Volti ni kama urefu wa mnara uliobeba tangi la maji, na ampia ni maji yenyewe yanayotiririka. Tangi laweza kuwa juu sana na bomba likawa limeziba. Paneli iliyokufa huweza kuonyesha volti nzuri tu, ilhali haina nguvu ya kuwasha hata balbu ndogo.

Tuliifungua. Chini ya kioo, mahali palipopaswa kuwa peupe kama maji, palikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Pembeni gundi ilikuwa imeachia, maji ya mvua yakaingia, na vile vipande vyembamba vya shaba vinavyounganisha seli vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Mwalimu alisema kile kitu cha rangi ya chai ni polima iitwayo EVA, ambayo huwekwa kati ya kioo na seli ili kuzishika na kuzikinga. Ikiwa duni, jua huigeuza rangi, na nuru haifiki tena kwenye seli. Yaani silikoni yenyewe ilikuwa bado ina uhai. Kilichoiua paneli ya Mama ni plastiki.

Ndipo Mama alipouliza swali lake. Mchuuzi mmoja alikuwa amemwambia kwamba kuna sola mpya inakuja, nyembamba kama karatasi, yenye nguvu kuzipita hizi na bei yake ya chini. "Sasa nambie wewe unayesoma," akasema. "Ningoje hiyo, ama nitoe pesa nyingine kwa hizi za kawaida?" Pesa zenyewe zilikuwa akiba ya miezi minne. Nikaona nisimjibu kwa kubahatisha.

Tuanze na seli ya kawaida. Mwaka 1954 wanasayansi watatu wa maabara ya Bell huko Marekani, Chapin, Fuller na Pearson, walionyesha seli ya silikoni iliyogeuza asilimia 6 hivi ya nuru kuwa umeme. Nuru ikiingia ndani ya silikoni humpiga elektroni teke, akaruka kutoka mahali pake na kuacha tundu. Elektroni ana chaji hasi, tundu lina chaji chanya. Seli imetengenezwa hivi kwamba elektroni husukumwa upande mmoja na tundu upande wa pili, na ili wakutane tena sharti elektroni azunguke nje kupitia waya na balbu. Safari hiyo ya nje ndiyo stima tunayoitumia.

Ufanisi wa seli ni hesabu nyepesi. Jua la saa sita likiwa limechomoza bila wingu humwaga takriban wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba. Paneli yenye ukubwa huo ikitoa wati 200, ufanisi wake ni asilimia 20, na hapo ndipo zilipo paneli nzuri za dukani siku hizi, nyingine zikizidi kidogo. Hesabu iliyoanzishwa na Shockley na Queisser mwaka 1961 huonyesha kwamba seli ya aina moja peke yake haiwezi kuvuka asilimia 33 hivi, hata ikitengenezwa na malaika.

Kenya si mgeni katika mambo haya. Mwaka 1984 Shule ya Upili ya Harambee ya Karamugi, upande wa Meru, ilipata taa za sola kabla nyingi kati ya shule za nchi hii hazijaona stima, na kutoka hapo walimu na wakulima wakaanza kujinunulia za nyumbani. Kiwanda cha Naivasha kilianza kuunda paneli mwaka 2011, ingawa seli zenyewe hutoka ng'ambo. Mwezi wa Desemba 2019 kituo cha Garissa cha megawati 50 kikafunguliwa. Vyote hivi ni silikoni. Na silikoni ina taabu yake: ni lazima iyeyushwe, na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,414. Moto huo ni gharama kubwa.

Sasa tuje kwenye hiyo sola mpya. Jina lake ni perovskaiti. Jina hili asili yake ni jiwe lililopatikana kwenye Milima ya Ural nchini Urusi, ambalo Gustav Rose alilieleza mwaka 1839 na kulipa jina la Mrusi mmoja, Lev Perovski. Perovskaiti ya seli za jua haichimbwi. Hutengenezwa kwa chumvi mbili, moja ikiwa na madini ya risasi pamoja na aidini, ile aidini iliyo kwenye chupa ya kahawia katika maabara yetu. Huyeyushwa kwenye kiowevu, hudondoshwa juu ya kioo kinachozunguka kwa kasi, kiowevu huenea kikawa chembamba, kisha hupashwa moto wa nyuzi 100 hivi. Nyuzi mia tu! Huo ni moto wa sufuria ya chai, na ukweli ni kwamba unapita kidogo wa chai yetu, kwa sababu hapa Nairobi tulipo juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kikikauka, kile kiowevu huacha fuwele nyeusi ambayo unene wake ni kama nanomita 500. Unywele wa kichwa chako una nanomita zipatazo 80,000.

Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani walipata asilimia 3.8 kutokana na kitu hiki. Seli zao zilikuwa na kiowevu ndani, nacho kiliila perovskaiti upesi. Mwaka 2012 watu wa Korea Kusini na wale wa Oxford waliondoa kiowevu wakaweka vitu vikavu, ufanisi ukafika karibu asilimia 10. Leo seli za maabara zimepita asilimia 26. Silikoni ilihitaji zaidi ya nusu karne kufika hapo. Isitoshe, perovskaiti hupenda nuru ya buluu na kijani, na silikoni hupenda nyekundu na ile iliyo nje ya nyekundu tusiyoiona, hivyo zikipandishwa moja juu ya nyingine hugawana kazi. Mwaka 2024 kampuni ya LONGi ya Uchina ilifikisha asilimia 34.6 kwa seli ya namna hiyo. Mpaka wa Shockley na Queisser unavukwa kwa sababu seli si moja tena, ni mbili.

Je, utando wa plastiki unaingilia wapi? Hapa ndipo nilipokuwa nikipafikia polepole.

Ukiwahi kumwona mwuza maji wa Kawangware akisukuma mkokoteni wenye mitungi ya lita 20 baada ya mvua, utaelewa. Anatoka bombani na mitungi kumi. Barabara imejaa mashimo. Gurudumu likizama shimoni mtungi huanguka, na maji yanayomwagika hapo hayafiki kwa mteja. Elektroni naye yuko vivyo hivyo. Fuwele ya perovskaiti imekauka haraka, kwa hiyo ina kasoro nyingi, hasa juu kwenye uso wake na kwenye mipaka ambapo punje moja ya fuwele inagusana na nyingine. Kwenye kasoro hizo utakuta atomu ya risasi iliyokosa jirani, imenyoosha mkono bila kushika kitu. Elektroni akipita karibu hunaswa. Tundu nalo likifika huanguka papo hapo, wakarudiana bila kupitia kwenye waya, na nguvu ya jua ikaishia kuwa joto bure. Hasara hiyo huonekana kwanza kwenye volti.

Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoshikana mikono. Sisi wa Kidato cha Tatu tumesoma ya polithini, ile ya juala zilizopigwa marufuku Agosti 2017. Lakini polithini haina mkono wa kumpa mtu. Polima inayofaa hapa ni nyingine, huitwa PMMA, ile plastiki ngumu ing'aayo kama kioo ambayo aghalabu hutengenezewa taa nyekundu za nyuma za magari. Ndani yake mna atomu za oksijeni zenye jozi za elektroni zisizotumika. Oksijeni humwazima risasi mpweke jozi moja, ule mkono uliokuwa umenyooshwa ukapata wa kuushika, na kasoro ikazibika. Ni yale yale tuliyosoma Kidato cha Pili, muungano ambapo mmoja peke yake ndiye hutoa elektroni zote mbili, ila siku ile hakuna aliyetuambia kazi yake.

Mwaka 2016 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walitia PMMA kidogo wakati fuwele zilipokuwa zikijiunda. Ile minyororo ilizizuia zisikimbilie kukauka kila mahali kwa mara moja. Zikaota chache, kubwa, zenye mipaka michache, na ufanisi ukapita asilimia 21. Mwaka uliofuata watu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia nao walitumia utando mwembamba mno wa PMMA iliyochanganywa na kitu cha kaboni, wakauweka pale perovskaiti inapokutana na tabaka linalopokea elektroni. Volti zikapanda.

Lakini kuna mtego, nao ulinisumbua hadi nikakosa raha. Plastiki haipitishi stima. Nyaya zote za nyumbani zimevishwa plastiki kwa sababu hiyo hiyo. Ukifunika seli kwa plastiki, elektroni atapita wapi? Nilimfuata mwalimu ofisini. Aliniambia kwamba utando ukiwa na nanomita chache tu, elektroni hufanya jambo ambalo mtu hawezi: hupenya upande wa pili bila kutoboa na bila kuruka. Hilo ni somo la chuo kikuu, akasema, wewe lishike hivyo hivyo kwanza. Ukiuongeza unene kidogo tu, anakwama. Kwa hiyo ubingwa wote uko kwenye kipimo. Mnajua ule utando unaoganda juu ya maziwa yakipoa? Huo tayari ni mnene mara elfu nyingi kuliko unaotakiwa.

Sikutaka kuamini kwa maneno matupu, nasi hatuna mashine ya kuzungusha vioo. Hivyo mimi na wenzangu wawili tulifanya jaribio la kimaskini. Makanika mmoja wa Waithaka alitupa vipande vya taa ya nyuma ya matatu iliyogongwa. Tukaviloweka kwenye asetoni ndani ya chupa, dirisha likiwa wazi na mbali na moto, kwa maana asetoni hushika moto upesi. Baada ya siku mbili ikawa uji. Tulichovya msumari mmoja mara moja, mwingine mara tano, wa tatu tukauacha mtupu. Ilipokauka tuliunganisha kila mmoja na seli kavu mbili na balbu. Mtupu uliwasha balbu. Uliochovywa mara moja haukuwasha, wala ule wa mara tano. Hata utando usioonekana kwa macho ulikuwa mnene kupita kiasi.

Kisha tukaiweka yote kwenye kopo lenye pamba iliyolowa maji ya chumvi, tukaifunika siku kumi. Mtupu ulioza. Ule wa mara tano ulikuwa safi. Ule wa mara moja ulitushangaza: ulikuwa safi kote isipokuwa mahali tulipoushika kwa koleo wakati wa kuchovya. Hapo palibaki alama ndogo kama kichwa cha sindano, na kutu ilikuwa imeanzia hapo, ikatambaa chini kwa chini ya plastiki hadi karibu nusu ya msumari. Kwa nje plastiki bado iling'aa. Nilipouona nikakumbuka pembe ya paneli ya Mama.

Na hiyo ndiyo kazi ya pili ya utando, ambayo kwangu mimi inaipita ya kwanza. Perovskaiti huogopa maji kama chumvi. Unyevu ukiifikia, weusi wake hugeuka manjano, na manjano hayo maana yake ni kwamba seli imevunjika ikarudi kuwa chumvi ya risasi. Mwaka 2019 watafiti wa Korea Kusini walitumia polima nyingine, P3HT, ambayo yenyewe hupitisha matundu yale ya chaji chanya. Walipata asilimia 22.7. Magazeti yakishangilia hutaja namba hiyo. Mimi nilitafuta namba nyingine. Seli yao ilipofungwa vizuri ilikaa kwenye nuru saa 1,370 ikabakiwa na asilimia 95 ya nguvu zake za mwanzo. Kwa maabara hayo yalikuwa maendeleo makubwa sana.

Tupige hesabu ya Dagoretti. Tuseme tunapata saa 5 za jua lenye nguvu kwa siku, tukisahau ule mwezi wa Julai wa mawingu na makoti. Saa 1,370 ni siku 274. Hiyo ni miezi tisa! Paneli ya silikoni inapoandikiwa miaka 25, inaahidi saa 45,625. Na jaribio lile lilifanywa kwenye joto la kawaida la chumbani, ilhali paneli iliyolala juu ya mabati ya Kawangware saa nane mchana huwezi kuiwekea kiganja. Ongeza kwamba tuko mita 1,800 hivi juu ya bahari, ambako miale ya urujuanimno, ile inayokausha rangi za nguo kwenye kamba, ni mikali kuliko ya Mombasa. Miale hiyo huila perovskaiti, na ikipata polima duni huigeuza rangi ya chai. Tangu 2019 seli zimeendelea kuimarika, sikatai. Mwaka 2024 kampuni ya Oxford PV ilianza kuuza paneli zilizounganisha perovskaiti na silikoni, zenye ufanisi wa asilimia 24.5, ila wateja wa mwanzo ni wenye mitambo mikubwa ya umeme, si wenye vibanda.

Tena kuna lile neno nililolitaja mara nyingi bila kusimama: risasi. Mwenzangu mmoja, tulipojadili haya darasani, alisimama akauliza, "Kwani tumesahau Owino Uhuru?" Darasa likanyamaza. Kwa wasiojua, Owino Uhuru ni kijiji cha Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatilia watu risasi kwenye hewa na maji, watoto wakaugua. Phyllis Omido aliwapigania, akatuzwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani nyingi Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Risasi haina kiwango cha kumfaa mtoto. Huharibu ubongo.

Tuwe wa haki lakini. Mita moja ya mraba ya perovskaiti ina risasi isiyozidi gramu moja hivi. Betri ya gari, ambayo wengi wetu tumeifungia kwenye sola nyumbani na kuiweka chini ya kitanda, ina kilo nane au zaidi. Anayeogopa perovskaiti aanze kwa kuiondoa betri chumbani kwa watoto. Tofauti ni kwamba risasi ya betri iko ndani ya sanduku, na ile ya perovskaiti ikishavunjika huyeyuka kwenye mvua na kudondoka kutoka paani, na Nairobi hii kuna wanaokinga maji ya paa. Hapa pia polima imeitwa kusaidia. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walibandika mbele na nyuma ya seli tando zenye kemikali zinazonasa risasi, ule wa nyuma ukiwa ni wa polima, kisha wakaziharibu seli makusudi na kuzitia majini. Zaidi ya asilimia 96 ya risasi ambayo ingevuja ilinaswa. Jambo jema. Hata hivyo nilijiuliza: paneli ya Mama ingekuwa ya perovskaiti, na gundi yake ikawa kama ile gundi, asilimia 96 ya nani?

Kwa hiyo Jumamosi moja nikampa Mama jibu. Nilimwambia asingoje. Nikamwambia hiyo sola mpya ipo kweli, mchuuzi hakudanganya, ila bado inajifunza kuishi nje ya maabara, na yeye anahitaji taa leo jioni. Atakayemwambia kuwa anayo perovskaiti ya bei rahisi kwenye mkoba, asimpe hata shilingi.

"Na hii ya kawaida nitajuaje si kama ile ingine?"

Tulikwenda pamoja. Nilibeba mita ya shule, niliyoazimwa kwa kutia sahihi. Mwenye duka alituletea paneli tatu za wati 20, akazipima volti kwa haraka, zote zikawa 21. Mimi nikamwomba kwa heshima tuzitoe nje juani. Alinitazama, akamtazama Mama, akasema, "Mzazi, huyu kijana wako ni fundi?" Mama akamjibu kwamba mimi ni mwanafunzi, na kwamba hatuna haraka. Ya kwanza ilitoa ampia 0.6. Ya pili 1.0. Ya tatu 1.1. Kisha nikazigeuza nikatazama pembeni, nikapitisha ukucha kwenye gundi kuzunguka pande zote nne. Ile ya tatu ilikuwa na upenyo mdogo kwenye kona, pale waya unapotokea, kama alama ya koleo kwenye msumari.

Tulinunua ya pili.